Anjera, Samli na Nyirinyiri: Niliyojifunza Katika Jiko la Garissa



Ndugu zangu wasomaji, kina mama na kina baba wa mwambao: tukitaja Garissa, hutaja jua lake, ngamia wake na urefu wa safari yake. Ni wachache kati yetu wanaotaja chakula chake, ilhali jamaa zetu wengi wameoana na watu wa huko, na watoto wetu wanasoma pamoja nao madrasani. Nimekaa Garissa siku tisa, nyumbani kwa mwenyeji aliye mwalimu wa Qur'ani kama mimi. Yeye, mkewe na mama yake mzazi wameniruhusu niandike niliyoyaona, kwa sharti kwamba majina yao yasitajwe, na sharti hilo nimelitimiza.

Anayetoka Mombasa hupita Malindi, kisha Garsen, halafu huuandama mto Tana kwa upande wake wa magharibi, akapita Hola na Bura mpaka Madogo, ambako huvuka daraja na kuingia mjini. Mto huo, ulio mrefu kuliko yote ya Kenya, wa takriban kilomita 1,000, huanzia kwenye milima ya Aberdare na mlima Kenya, hupita Garissa, kisha huteremka mpaka kwetu na kumwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Basi maji yanayoloweka mtama wa Garissa hutufikia nasi. Kandokando ya mto kuna mashamba ya ndizi, maembe na matikiti, na ukiacha kingo zake kwa mwendo mfupi tu, nchi hugeuka kuwa michongoma, migunga na vumbi jekundu. Wenyeji huugawa mwaka kwa misimu minne: Gu, ndiyo mvua kubwa inayoanza mwezi wa Aprili, Hagaa ya upepo, Deyr, mvua ndogo ya Oktoba, na Jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Jiko la watu hawa halifahamiki bila ya misimu hiyo, kwa kuwa karibu kila chakula chao cha akiba kimebuniwa kwa ajili ya kuivuka Jilaal.

Jiko la mwenyeji wangu liko uani, chini ya kibanda cha makuti, na kuni zake ni za mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa, ukaja ukavamia malisho. Sikuwa na haja ya kuingia humo wala haikunipasa. Mama mzazi wa mwenyeji wangu, bibi aliyepita umri wa miaka 70, ambaye wajukuu humwita ayeeyo nami nilimwita Mama, aliweka kigoda chake kivulini barazani, akanieleza kila kitu huku akitoa amri kwa walioko jikoni.

Chakula cha kwanza cha siku ni anjera. Baada ya sala ya Isha huchanganywa unga wa ngano na unga wa mahindi, au wa mtama kwa anayeupata, pamoja na maji na chachu kidogo iliyobakizwa jana. Wao chachu hiyo huiita khamiir, nasi twasema hamira, na majina yote mawili yametoka kwenye Kiarabu. Unga hupigwa kwa mkono ndani ya bakuli pana mpaka upate hewa, na Mama alinambia kwamba zamani mtoto aliamshwa alfajiri na mlio wa mkono ukipiga unga kabla ya kuamshwa na adhana. Asubuhi huwa umeumuka na kutoa harufu ya uchachu mwepesi. Humiminwa katikati ya chuma cha moto, ukasambazwa kwa kitako cha kikombe kwa kuzunguka kutoka kati kwenda nje, ukafunikwa. Anjera haigeuzwi. Huiva upande mmoja, na upande wa juu hujaa vitundu vidogo ambavyo kazi yake ni kunywa samli, chai au mchuzi.

Mwenye kujua mkate wa chila wa kwetu atatambua udugu wake mara moja. Mkate wa chila ni wa mchele na anjera ni ya nafaka nyingine, lakini njia ni ile ile ya kuchachisha usiku na kumimina asubuhi. Na aliyefika Yemen atakuwa amekula lahoh, ambayo ni dada yao wa tatu. Bahari na jangwa havikuwazuia kina mama kufundishana.

Kwa msomaji atakayejaribu, kipimo nilichopewa ni hiki. Chukua unga wa ngano vikombe 2, unga wa mahindi au wa mtama kikombe 1, hamira kijiko kimoja cha chai ikiwa huna chachu ya jana, na maji vuguvugu vikombe 3 na nusu hivi, mpaka ulaini wake ufanane na uji mwepesi. Piga, funika, uache usiku kucha. Asubuhi tia chumvi kidogo, ukoroge polepole. Kabla hujaanza kupika, teka vijiko viwili vya unga huo uweke kando kuwa chachu ya usiku unaofuata. Chuma kiwe na moto wa wastani, na mafuta yawe ya kupaka tu. Ikiwa vitundu havitokei, ama chuma hakijapata moto, ama unga ni mzito. Familia ya watu sita hushiba kwa kipimo hicho pamoja na chai ya maziwa.

Kitu cha pili ni samli, ambayo wao huiita subag. Maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi huachwa yagande, kisha husukwasukwa ndani ya kibuyu au ndani ya haan, ambacho ni chombo cha kusukwa kwa nyuzi za mimea, kigumu na kisichovuja. Siagi inapojitenga hukusanywa, ikachemshwa kwa moto mdogo pamoja na iliki na viungo vingine mpaka maji yote yakauke, mashapo yatue chini, na mafuta yawe safi kama dhahabu. Robo nzima ya siagi hupotea katika kuchemsha, na mwenye haraka ya kuepua huipata samli yenye maji ndani, nayo huoza. Nilimwuliza Mama kwa nini hawatengenezi ya maziwa ya ngamia, walio wengi kwao. Akacheka, akasema ngamia hatoi siagi kwa kusukwasukwa. Amesema kweli, kwani chembe za mafuta katika maziwa ya ngamia ni ndogo mno na hazikusanyiki kwa urahisi. Kwa hiyo maziwa hayo hunywewa, au huachwa yakawa susa, ambayo ni maziwa lala yenye ukali mwepesi.

Kilichonivutia zaidi ni namna wanavyovitunza vyombo. Kabla ya kutia maziwa, haan hufukizwa kwa kijinga cha mti maalumu. Moshi huua uvundo, huchelewesha kuharibika kwa maziwa, na huyapa ladha ambayo mwenyeji wa huko akiikosa husema maziwa hayajakamilika. Nasi mwambao mama zetu walifukiza mitungi ya maji kwa ubani. Tumeiacha ada hiyo tulipopata majokofu, na umeme ukikatika tunabaki na jokofu lenye joto na mtungi usiokuwapo.

Kitu cha tatu ni nyirinyiri. Nyama isiyo na mafuta, ya ngamia au ya ng'ombe, hukatwa vipande virefu vyembamba, ikatundikwa kambani juani kwa siku moja au mbili hadi ikauke. Kisha hukatwa vidogo sana, vya ukubwa wa punje ya mahindi, ikakaangwa polepole katika samli au mafuta mpaka mapovu yakome. Mapovu yakikoma, maji yameisha, na hapo ndipo usalama wake ulipo. Hutiwa iliki, huwekwa katika chombo kikavu, na juu yake humiminwa samli mpaka izame yote. Hukaa miezi bila ya jokofu, madhali kila anayechota anachota kwa kijiko kikavu. Vijiko viwili juu ya anjera humtosha mtu mzima mpaka adhuhuri. Anayetaka kujaribu kwetu Mombasa au Lamu ajue kwamba hewa yetu ina unyevu mwingi kuliko ya Garissa. Achague siku ya jua la kaskazi, afunike nyama kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi, na aongeze muda wa kukaanga.

Sasa niseme jambo lililonifanya niandike. Kupika kuanzia nafaka na maziwa kunahitaji kwanza pawepo na nafaka na maziwa. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mvua za misimu mitano mfululizo zilikosekana au zilipungua sana katika nchi hizi, na mifugo ikafa kwa wingi mno. Mwenyeji wangu alikuwa na ng'ombe 30 waliochungwa na jamaa zake upande wa Ijara. Wamebaki wanne. Mvua iliporejea, ilikuja kwa mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya masika ya 2024, Tana ikafurika, mashamba ya ukingoni yakazama. Tangu hapo samli iliyokuwa ikiletwa nyumbani kwa kibuyu inanunuliwa dukani. Mama aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Samli ya kununua nayo ni samli, mwanangu. Lakini simjui ng'ombe wake alikula nini."

Na nyuma ya hasara ya mifugo kuna hasara nyingine isiyohesabika. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka 11, hajawahi kusukasuka maziwa hata siku moja, kwa sababu alipofika umri wa kujifunza hapakuwa na maziwa ya kusuka. Elimu ya jikoni hupokewa kwa mkono kutoka kwa mkono. Kizazi kimoja kikiikosa, kinachofuata hakitajua hata kwamba kuna kilichopotea. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizo katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa na zilizoanzishwa mwaka 1991 baada ya vita vya Somalia, kuna watu wazima waliozaliwa humo na hawajapata kuchunga mnyama. Na bado kina mama wa huko hupokea unga wa mgao, wakautia chachu usiku, na asubuhi watoto wakala anjera. Ng'ombe wamepotea na chachu ingalipo. Nimeliona hilo kuwa fundisho kubwa kwetu, tunaodhani kwamba mtu hupika vyema anapokuwa na vingi.

Hata hivyo, ndugu zangu wanaume, naomba msiichukue makala hii mkaiweka mbele ya wake zenu kama hati ya madai. Katika nyumba ile mke wa mwenyeji wangu huamka kabla ya Alfajiri akapika anjera za familia na nyingine za kuuza kwa jirani, maana mapato ya ng'ombe hayapo tena. Nilimwuliza mwenyeji wangu faraghani kama anaijua kazi hiyo ina saa ngapi. Akanyamaza. Basi tukafungua Minhaaj ya Imamu Nawawi, Mungu amrehemu, kitabu ambacho watu wa pwani na wa Garissa tunakisoma pamoja, kwani sote ni wafuasi wa Imamu Shafi.

Katika mlango wa nafaka ya mke, Imamu Nawawi amekadiria chakula kwa mudi: mwenye uwezo atoe mudi mbili kwa siku, mwenye dhiki mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu. Mudi nne ndiyo pishi moja, ile tunayoitoa katika zaka ya fitri. Kisha akaeleza kwamba mume humpa mke nafaka, na kwa kauli yenye nguvu zaidi, gharama za kuisaga na kuioka ziko juu ya mume pia. Wanazuoni wa madhehebu yetu wameongeza kwamba mke akila pamoja na mumewe kwa mazoea na kwa ridhaa yake, haki imetimia. Wako wanazuoni wengine waliosema huduma ya nyumba humpasa mke kwa mujibu wa ada ya mji. Lakini anayejinasibisha na Shafi na kumwambia mkewe kwamba kusaga na kupika ni deni lake, ajue kwamba kitabu anachokisoma hakimuungi mkono. Anjera ile ya alfajiri ni ihsani ya mama huyo, na ihsani hupokewa kwa shukurani na kwa msaada.

Na mifano iko wazi. Bibi Fatuma, radhi za Allah zimfikie, mikono yake iliota sugu kwa kusaga, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamfundisha yeye na mumewe Ali tasbihi, tahmidi na takbiri za wakati wa kulala. Masheikh huikumbuka hadithi hiyo kwa ajili ya zile nyiradi, na ni haki. Lakini ndani yake mna pia mikono iliyoumia, na hadithi haikuificha. Bibi Asma binti Abubakar alikuwa akikanda unga, akimlisha farasi wa Zubeir na kubeba kokwa za tende kichwani mwendo mrefu. Amesimulia mwenyewe kwamba hakuwa hodari wa kuoka mkate, na jirani zake wanawake wa Kiansari wakimwokea, akawasifu kwa ukweli wao. Hapakuwa na aibu katika kutojua, na hapakuwa na majivuno katika kujua. Naye Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na sala ikifika akatoka kwenda kusali.

Mwenyeji wangu aliyasikia hayo kwa utulivu. Siku ya saba niliona mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 15, akibeba gunia la mtama kwenda kwenye mashine ya kusaga, na kurudi na kuni. Dada yake aliye kidato cha tatu, ambaye kazi hiyo ilikuwa yake, alikuwa barazani na daftari zake. Nyumba haikuporomoka, na anjera zilikuwa na vitundu vile vile.

Nisitiri neno moja la tahadhari? Hapana, amana hainiruhusu. Katika nchi zile wengi hunywa maziwa mabichi, hasa ya ngamia, na huamini kwamba kuyachemsha kunayaondolea nguvu. Maziwa mabichi huweza kubeba ugonjwa wa brusela, wenye homa isiyokoma, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na huweza kuharibu mimba. Yachemsheni. Anayetaka maziwa lala ayachemshe kwanza, ayapoze, kisha atie kijiko cha maziwa lala ya jana, nayo yataganda vizuri. Kadhalika nafaka: mahindi yaliyoingiwa na ukungu yasisagwe wala yasichanganywe na mazima ili yapotelee humo. Mwaka 2004 sumu ya ukungu huo iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zao. Nafaka iliyonunuliwa ianikwe juu ya mkeka, ichambuliwe, na ihifadhiwe pakavu. Kupika nyumbani kuna faida kwa kuwa unajua kilichomo chunguni. Asiyechambua hajui kilichomo, hata kama amepika mwenyewe.

Kabla sijaondoka, nilimwomba yule binti wa kidato cha tatu aketi na bibi yake na kuandika: vipimo, majina ya miti ya kufukizia, dalili za samli iliyoiva, na namna ya kusikiliza mapovu ya nyirinyiri. Bibi alisema mambo hayo hayaandikiki. Binti akafungua daftari akamwuliza swali la kwanza, na walikuwa bado wanabishana juu ya kiasi cha iliki nilipokwenda kusali Laasiri.

Nawasihi wasomaji wetu mfanye hivyo wiki hii. Mwambao nao unapoteza. Ni nyumba ngapi za Lamu, Mombasa na Malindi ambazo tui hutoka katika pakiti, hamira katika kopo na samli katika mkebe usiojulikana ng'ombe wake? Mkalisheni bibi, mpeni mjukuu kalamu, na mvulana naye asiachwe nje. Chagueni kitu kimoja tu, mkate wa chila au samli au achari, mkifanye kwa mikono yenu mara moja kila wiki, na kazi yake igawanywe kati ya walao.

Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeyataja maziwa katika Suratun Nahl kuwa ni mazingatio kwetu, awarudishie ndugu zetu wa Garissa, Wajir na Mandera mifugo yao na mvua yenye manufaa, azibariki nyungu za kina mama zetu, na ailainishe mikono ya wanaume kwa kuwasaidia. Amin.

Wabillahi tawfiq.